Jiwe la Shinkolobwe na Subira ya Daktari Regaud

Sisi wa Likasi tunapolitaja jina la Shinkolobwe, mara nyingi tunakumbuka bomu. Ni kweli. Urani iliyochimbwa huko, kilometa 20 hivi kutoka mji wetu, ilitiwa katika bomu lililoangamiza Hiroshima mwaka 1945. Lakini jiwe hilo lina habari ya zamani zaidi, nayo ni habari ya kuponya. Yafaa watoto wetu waijue.

Jiwe la Shinkolobwe lilionekana mwaka 1915. Shirika la Union Minière lilianza kulichimba mwaka 1921, na tangu mwaka 1922 kiwanda cha Olen, Ubelgiji, kilitoa ndani yake radiamu. Hayo ndiyo madini ambayo Marie Curie na mumewe Pierre waliyagundua Paris mwaka 1898. Hutoa miali isiyoonekana kwa macho, nayo huua chembe hai za mwili. Basi yaweza kuua kansa; lakini yaweza pia kumchoma mgonjwa mwenyewe. Tufanyeje?

Aliyesaidia sana kulifumbua fumbo hilo ni Claudius Regaud, mtaalamu Mfaransa aliyezaliwa Lyon mwaka 1870. Kazi yake ya kwanza haikuwa kansa. Alichunguza jinsi mbegu za uzazi zinavyokua ndani ya mapumbu ya wanyama. Tangu mwaka 1906 alizipiga kwa miali, akaona kwamba chembe changa, zile zinazogawanyika daima, hufa upesi, na zilizokomaa hustahimili. Na kansa je? Nayo ni chembe zinazogawanyika bila kiasi.

Baadaye, akiwa mkuu wa maabara moja katika Institut du Radium huko Paris, alifanya majaribio kwa kondoo dume. Miali ilipotolewa yote kwa mara moja, ngozi iliungua vibaya na uwezo wa kuzaa haukukoma. Ilipogawanywa kidogo kidogo kwa siku kadhaa, uwezo wa kuzaa ulikoma na ngozi ikasalimika. Haba na haba hujaza kibaba! Kwa njia hiyo ya subira, wanawake wenye kansa ya shingo ya tumbo la uzazi waliwekewa vijibomba vya radiamu kwa muda wa siku tano hivi, na wengi waliokuwa wamekata tamaa wakapona.

Lakini radiamu ilikuwa ghali mno. Mwaka 1921 wanawake wa Marekani walimpa Marie Curie gramu moja tu, nayo iligharimu dola 100,000. Mwaka 1929 walimpa gramu ya pili, kwa ajili ya hospitali ya Warsaw, kwa dola 50,000. Kilichoshusha bei ni jiwe la Katanga.

Tusisahau waliolipa gharama. Mawe yale yalichaguliwa kwa mikono ya wafanyakazi Waafrika. Marie Curie mwenyewe alikufa mwaka 1934 kwa ugonjwa wa damu unaodhaniwa kuletwa na miali. Regaud alifariki mwaka 1940.

Siku hizi hospitali haziwawekei tena wanawake hao vijibomba vya radiamu, ila hutumia mashine nyingine. Lakini desturi ya kutoa miali kidogo kidogo ingalipo. Mgodi nao ulifungwa mwaka 1960, na serikali ilipiga marufuku kuchimba huko mwaka 2004. Vijana, msiende kutafuta riziki mahali pale.

Jambo moja linatuchoma moyo. Jiwe la kwetu liliponya akina mama wa ng'ambo, na hata leo akina mama wengi wa Afrika hufa kwa kansa ile ile, kwa sababu hugunduliwa wamechelewa na mashine ni chache. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani liliyaomba mataifa yote kuwachanja wasichana, kuwapima wanawake na kuwatibu mapema. Basi akina baba, msiwazuie wake zenu kwenda kupimwa. Akina mama, msione haya. Mungu aliyeficha dawa ndani ya jiwe hapendi tuifiche siri ya ugonjwa mpaka kaburini.