Aliyeona Umakini Ubongoni Alikaa Pia Mahakamani

Kila siku tunaambiwa ati simu zimetuibia umakini. Sawa. Lakini nani wa kwanza kuona umakini ukitokea ndani ya kichwa cha mtu? Ni Hans Berger, profesa wa magonjwa ya akili mjini Jena, Ujerumani.

Alianzia mahali pa kuchekesha kidogo. Akiwa kijana jeshini, miaka ya 1890, alianguka kutoka kwa farasi, nusura agongwe na mzinga uliokuwa ukivutwa. Siku hiyo hiyo ikafika telegramu kutoka nyumbani: dadake alikuwa amehisi kuna jambo baya limempata. Berger akaamini mawazo husafiri, kwa hivyo lazima ubongo unatoa nguvu inayoweza kupimwa. Akaitafuta miaka na miaka, kimyakimya.

1924 akanasa umeme wa ubongo wa binadamu. Nguvu ya kutuma mawazo hakuipata, lakini hiki alichopata, wasee, ni kikubwa zaidi. Mtu akitulia na macho amefumba, mstari kwenye karatasi hupanda na kushuka karibu mara 10 kwa sekunde. Akifungua macho, au ukimpa hesabu ya kichwa, mawimbi yale yanapotea. Yaani ubongo ukiamka, mawimbi yanakuwa madogo! Fikiria mashabiki uwanjani: wakipiga makofi pamoja unasikia mdundo, kila mtu akianza stori zake mdundo unaisha. Seli za ubongo ni hivyo tu.

Alichapisha 1929, wengi wakampuuza, mpaka 1934 Edgar Adrian na Bryan Matthews wa Cambridge waliporudia jaribio na kumpa sifa yake.

Video nyingi humalizia hapo. Zingine humfanya mhanga wa Wanazi, na hiyo si kweli. Berger alikaa katika mahakama ya afya ya urithi ya Jena, moja ya zile zilizoamua nani afungwe uzazi kwa lazima. Sheria yenyewe, ya 1933, ilitaja kifafa cha kurithi waziwazi.

Sasa ona. 1935, kule Marekani, kipimo chake, EEG, kilikuwa tayari kinaonyesha kifafa kinavyochoreka kwenye karatasi. Mpaka leo, mtoto akianza kuanguka kifafa, hicho ndicho kipimo daktari huagiza. Mimi sioni vile mtu anaweza kusimulia nusu moja ya hii stori bila nyingine.

Berger alijiua mwaka wa 1941. Hiyo sehemu video huwa haziisahau.