Kufaulu na Kuchaguliwa: Shule ya Umma, Lugha na Wajibu wa Serikali kwa Mtazamo wa Kinole



1.0 Utangulizi

Katika Kiswahili cha Tanzania, vitenzi viwili, kufaulu na kuchaguliwa, vilitumiwa kwa miaka mingi kana kwamba vina maana moja. Orodha ya watoto wanaokwenda kidato cha kwanza ilipofika kijijini, aliyetajwa alisemwa kuwa amefaulu. Asiyetajwa alisemwa kuwa amefeli, hata kama alama zake zilikuwa nzuri na kilichokosekana kilikuwa nafasi.

Tofauti ya vitenzi hivi si ndogo. Kuchaguliwa ni kauli ya kutendwa: pana mtu au chombo kinachochagua, ingawa hakitajwi. Katika kufaulu na kufeli, mwenye tendo ni mtoto mwenyewe. Kwa hiyo, jamii ilipoacha kusema "hakuchaguliwa" ikasema "amefeli", uhaba uliokuwa wa serikali uligeuka kuwa aibu ya mtoto.

Katika mhadhara huu ninakusudia kuitazama historia ya elimu ya umma nchini nikiwa nimesimama Kinole, katika Milima ya Uluguru. Hoja yangu ni kwamba serikali yetu imefanya kazi kubwa ya kuongeza shule, lakini kila ilipofungua mlango mmoja, ukosefu wa usawa ulihamia mlango wa mbele yake. Mlango uliobaki ni lugha, nao hauwezi kufunguliwa na mwingine isipokuwa serikali.

2.0 Kinole na Shule za Wakoloni

Kinole iko katika miteremko ya mashariki ya Uluguru, mkoani Morogoro. Katika historia ya Waluguru inafahamika kuwa makao ya Kingalu, cheo ambacho mwenye nacho alisifika kwa uwezo wa kuleta mvua. Ardhi hurithiwa kwa kufuata ukoo wa mama. Lugha ya wenyeji ni Kiluguru, ambacho wanaisimu hukiweka katika G35 kwa utaratibu wa Guthrie. Upande huu hupata mvua nyingi. Hulimwa ndizi, matunda na viungo, na maji yake huteremka hadi Mto Ruvu, ambao Dar es Salaam huutegemea kwa maji ya kunywa. Nayataja haya ili tusije tukadhani kwamba shule ya umma ni sadaka ya mjini kwa watu wa mlimani. Mlima umekuwa ukiulisha na kuunywesha mji kwa muda mrefu.

Shule za mwanzo Uluguru zilifungamana na dini. Misheni ya Kikatoliki ilifika Matombo, kusini ya Kinole, kabla ya karne ya 19 kwisha. Palipokuwa na misheni, elimu ya shule ilitangulia. Kwa familia za Kiislamu, elimu iliyokuwa karibu ilikuwa ya chuo, yaani kusoma Kurani. Maneno yenyewe yametunza historia hiyo: chuo kilikuwapo kwanza, kisha ikaja shule, neno tulilolitwaa kwa Wajerumani. Wenzetu wa Zanzibar husema skuli, kwa kuwa mtawala wao alikuwa mwingine.

Chini ya Waingereza elimu ya Tanganyika iligawanywa kwa rangi: mifumo mitatu, ya Wazungu, ya Waasia na ya Waafrika. Miongoni mwa Waafrika wenyewe kulikuwa na matabaka. Shule ya Tabora, iliyofunguliwa mwaka 1925, ilikusudiwa hasa wana wa machifu. Mtoto wa kawaida aliyebahatika alisoma madarasa manne, na wengi waliishia hapo.

Haiwezekani kusema kwamba serikali haikufika mlimani kwa sababu ya umbali. Katika miaka ya 1950 ilifika vizuri sana, kwa mpango wa matumizi ya ardhi uliowalazimisha wakulima wa Uluguru kuchimba matuta ya ngazi, hadi upinzani wa mwaka 1955 ulipoukomesha. Serikali iliyoweza kuyakagua matuta ya shamba la kila mtu isingeshindwa kuwahesabu watoto wake. Haikukusudia kuwahesabu.

3.0 Kutoka Uhuru hadi UPE

Mwaka wa Uhuru, 1961, shule za msingi zilikuwa na wanafunzi wapatao 490,000. Sekondari zilikuwa na 11,832, na kati yao waliokuwa kidato cha sita ni 176 tu. Kuanzia mwaka 1962 ubaguzi wa rangi shuleni ulifutwa. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, akieleza kwamba ni asilimia 13 tu ya wanaomaliza shule ya msingi wangepata nafasi sekondari. Mwaka huohuo Kiswahili kilitangazwa kuwa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za umma. Sheria ya mwaka 1969 iliiwezesha serikali kuzichukua shule za misheni, ili mtoto asiulizwe dini yake mlangoni. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 1973, na mwezi Novemba 1974, mjini Musoma, iliamuliwa kwamba elimu ya msingi iwafikie watoto wote ifikapo mwaka 1977. Idadi ya wanafunzi ilipanda kutoka takriban milioni 1.2 mwaka 1974 hadi karibu milioni 3 mwaka 1978.

Walimu walitoka wapi? Makumi ya maelfu ya vijana waliomaliza darasa la saba walifunzwa ualimu hukohuko vijijini huku wakifundisha. Watani waliifumbua UPE kuwa "Ualimu Pasipo Elimu". Mzaha huo si wa haki. Vijana hao ndio waliosimama mbele ya madarasa ambayo wasomi wa mjini hawakutaka kuyaendea.

Hata hivyo, Elimu ya Kujitegemea ilitaka shule ya msingi iwe elimu kamili inayojitosheleza, si maandalizi ya sekondari. Kwa hiyo nafasi za sekondari hazikuongezwa kwa kiwango hicho, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 waliopata sekondari za serikali hawakufika asilimia 10. Serikali ilijitahidi kugawa uchache huo kwa mgawo wa mikoa, ili maeneo yaliyoachwa nyuma yasimezwe na yaliyotangulia. Ulikuwa usawa katika kugawana uhaba.

Mimi ni wa kizazi kilichoanza darasa la kwanza katika miaka hiyo ya kwanza ya Kiswahili. Nilichaguliwa. Wenzangu wengi hawakuchaguliwa, na baadhi yao walinishinda hesabu. Nilipokutana nao baadaye, hakuna aliyelalamikia idadi ya nafasi. Kila mmoja aliniambia, kwa sauti ya mtu anayekiri kosa, "Mimi nilifeli."

4.0 Kizingiti cha Lugha

Wakoloni walitumia Kiswahili katika madarasa ya mwanzo na Kiingereza katika yaliyofuata. Uamuzi wa 1967 ulikisogeza kizingiti hicho hadi kidato cha kwanza, haukuking'oa. Wanaisimu wetu walionya mapema. Mwaka 1978 Penina Mlama na May Matteru walitoa, kupitia Baraza la Kiswahili la Taifa, utafiti wao kuhusu haja ya kutumia Kiswahili katika elimu ya juu. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kianze kutumika sekondari mwaka 1985. Serikali haikukubali. Ripoti ya Criper na Dodd ya mwaka 1984 ilionyesha kwamba wanafunzi wengi hawakuwa na Kiingereza cha kuwawezesha kusoma masomo mengine, kisha ikashauri Kiingereza kiendelee. Haiwezi kusemwa kwamba istilahi zilikosekana: Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilikwisha kuchapisha kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Sera ya elimu ya mwaka 1995 ilikibakiza Kiingereza, na katika miaka hiyohiyo shule za msingi za binafsi zinazofundisha kwa Kiingereza zikaenea mijini.

Hapo ndipo tabaka lilipopata mlango wake. Mtoto wa mwenye uwezo huingia kidato cha kwanza akiwa amesoma kwa Kiingereza miaka saba. Mtoto wa Kinole, ambaye huenda alianza na Kiluguru kwa bibi yake na kukutana na Kiswahili sanifu shuleni, huanza siku hiyo kujifunza fizikia katika lugha ya tatu. Miaka minne baadaye wote wawili hupewa karatasi moja ya mtihani.

5.0 Sekondari za Kata

Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) ulipofuta tena ada, wanafunzi wa msingi waliongezeka kutoka takriban milioni 4.4 mwaka 2000 hadi karibu milioni 8 mwaka 2006. Mpango wa sekondari (MMES) ulileta sekondari za kata, na idadi ya sekondari ikapanda kutoka chini ya 1,500 mwaka 2004 hadi zaidi ya 4,000 mwaka 2010. Uhaba wa nafasi, uliozaa neno kufeli, ulipungua sana. Kisha yakaja matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012: yalipotangazwa mara ya kwanza, zaidi ya asilimia 60 ya watahiniwa walikuwa na daraja sifuri. Baadaye yalipangwa upya, lakini taifa lilikuwa limeshituka.

Lugha si sababu pekee. Walimu walikuwa wachache, maabara hazikuwapo, na mwalimu aliyepangiwa shule ya mlimani, ambako masika huharibu barabara, mara nyingi hutafuta uhamisho. Lakini mambo hayo yote huongezwa uzito na lugha. Sera ya mwaka 2014 iliruhusu Kiswahili katika ngazi zote. Sekondari zikaendelea na Kiingereza. Ada ya sekondari za umma hadi kidato cha nne ilifutwa kuanzia Januari 2016, na toleo la mwaka 2023 la sera hiyo limeweka elimu ya lazima ya miaka 10. Ikiwa tunamlazimisha mtoto kukaa shuleni miaka 10, tunawajibika kumfundisha kwa lugha anayoielewa katika miaka yote hiyo.

Wapo watakaoniambia kwamba wazazi wa vijijini wenyewe wanakitaka Kiingereza. Ni kweli, wala hawajakosea: wanaona kazi zinakokwenda. Lakini kutaka mtoto ajue Kiingereza ni jambo moja, na kutaka afundishwe kemia kwa Kiingereza asichokijua ni jambo jingine. Kiingereza kifundishwe kama somo, na walimu waliokihitimu, hata Kinole. Aidha, sisi watetezi wa Kiswahili tukumbuke kwamba Kiluguru nacho hakikupewa hata pembe moja ya darasa. Tusimtendee mtoto wa darasa la kwanza kile tunachokilalamikia kidato cha kwanza.

6.0 Hitimisho

Mwenye fedha anaweza kujenga shule, na kanisa au msikiti vilevile. Lakini lugha ya mtihani wa taifa haichaguliwi na mzazi wala mfadhili. Huo ni uamuzi wa serikali peke yake, na kuuahirisha nako ni uamuzi. Nawaomba wanafunzi mlio hapa mfanye utafiti wa jambo hili katika shule zenyewe, si katika maktaba tu. Na mtakapoandika kwamba mtoto fulani alifeli, jiulizeni kwanza kama kitenzi hicho ni chake.