Neno la Upanga Lililozaliwa na Kukinga

Wahispania wana neno moja, esgrimir, nalo maana yake ni kushika upanga na kuutumia kwa ustadi. Tukilisikia twadhani limezaliwa katika hasira na damu. Sivyo. Tufuate asili yake, nasi tutastaajabu.

Kihispania ni mtoto wa Kilatini, lakini neno hili halikutoka kwa Walatini. Lilitoka kwa Wafranki, watu wa jamii ya Kijerumani, ambao jina lao limebaki katika jina la Ufaransa. Wataalamu wa lugha wasema kwamba kwao neno skirmjan lilikuwa na maana ya kukinga na kulinda. Ndugu zake wangali hai. Wajerumani huuita mwavuli Regenschirm, yaani kinga ya mvua. Waflamu nao husema beschermen, maana yake kulinda, na schermen, maana yake kushindana kwa panga. Katika lugha hiyo moja ndugu hao wawili wakaa nyumba moja!

Namna gani basi kukinga kuligeuka kuwa kupigana? Kazi yenyewe yatueleza. Mwenye upanga hulazimika kwanza kuzuia pigo la adui. Asiyejua kukinga hapati nafasi ya kupiga.

Mwaka 1615 Cervantes, katika sehemu ya pili ya kitabu chake Don Quijote, alisimulia habari za wanafunzi wawili walioshindana kwa panga. Mmoja, Corchuelo, alitegemea nguvu zake na kuudharau ustadi. Mwenzake alimzuia kwa ustadi, hata Corchuelo akachoka kabisa na kuutupa upanga mbali. Mwishowe akakiri kushindwa, wakakumbatiana, na urafiki wao ukazidi.

Siku hizi, ambapo watu hawatembei tena na panga kiunoni, Wahispania hulitumia neno hili hata kwa maneno ya kinywa. Mtu atoaye hoja barazani husemwa kwamba ameiinua kama silaha.

Nasi pia twabishana kila siku, nyumbani na mikutanoni. Ulimi ni upanga tusioweza kuuacha mlangoni. Basi kabla ya kuuinua tujiulize: twamkinga nani? Kama hakuna tunayemkinga, afadhali tuurudishe alani.