Picha Moja, Sauti Tatu: Insha ya Video na Nguvu ya Kauli

Mwaka 1957 Mfaransa Chris Marker alitoa filamu yake Lettre de Sibérie. Humo mtaa mmoja wa mji wa Yakutsk unaonyeshwa mara tatu: basi lile lile, mafundi wa barabara wale wale, mpita njia yule yule. Kinachobadilika ni maneno tu. Sauti ya kwanza inausifu utawala wa Kisovieti, ya pili inaulaani, ya tatu inajitahidi kutoegemea upande wowote.

Somo hilo limo katika kiini cha insha ya video, yaani hoja inayojengwa kwa vipande vya filamu na sauti ya mchambuzi. Mwaka 2014 lilianzishwa jarida la kitaaluma la [in]Transition kwa ajili ya kazi za namna hiyo, na baadhi ya vyuo vikuu huzipokea kwa wanafunzi badala ya insha ya karatasi.

Kwetu, sauti juu ya picha si jambo geni. Kati ya 1935 na 1937, huko Vugiri, Tanga, Waingereza walitengeneza filamu za kuwaelimisha Waafrika, na maelezo yakatiwa katika santuri kwa Kiswahili na lugha nyingine. Lugha ilikuwa yetu; hoja haikuwa yetu. Miongo kadhaa baadaye, katika vibanda vya video, Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, aligeuza mambo: picha ilitoka ugenini, lakini kauli, utani na hukumu vilikuwa vya Mswahili.

Sasa tusimame Makambako, inapopita reli ya TAZARA na inapochepuka barabara ya Njombe na Songea. Mwanafunzi apige picha ya treni ikiingia stesheni. Sauti moja itasimulia urafiki wa China, Tanzania na Zambia, na reli iliyokamilika 1975. Ya pili itasimulia mkopo na mabehewa yaliyochakaa. Ya tatu itakuwa ya mkulima wa viazi wa Njombe, anayeuliza gunia lake litafika sokoni lini. Treni ni ile ile.

Hapo ndipo malenga anapohitajika darasani. Chuo kikifundisha kukata na kuunganisha picha bila kufundisha uzito wa neno, kitarudia ya Vugiri: Kiswahili chetu, hoja ya mwingine.