Kipandauso, hedhi na sindano za Sydney

Mwanamke kichwa kinamgonga upande mmoja, mwanga unamchoma macho, anataka kutapika. Wenzake wanacheka: "Mwacheni, yuko kwenye siku zake." Mnaijua hiyo, sivyo? Basi dharau hii haikuanzia vijiweni. Hata wasomi wameichangia.

Mwaka 1937 Harold Wolff wa New York, mtafiti mkubwa wa maumivu ya kichwa, alichapisha makala kuhusu haiba ya wenye kipandauso: watu wa kujituma kupita kiasi, wasiovumilia dosari. Yaani mgonjwa kajitakia!

Lakini hebu tafakari. Kabla ya balehe, wavulana na wasichana huugua karibu sawa. Baada ya hapo wanawake wanaougua huwa mara mbili hadi tatu ya wanaume. Wengi wao hupata nafuu wakiwa wajawazito. Je, mimba hubadilisha haiba?

Aliyeamua kupima badala ya kubuni ni Brian Somerville, daktari wa mishipa ya fahamu huko Sydney, Australia. Kabla ya hedhi homoni mbili hushuka pamoja, projesteroni na estrojeni. Mkosaji ni yupi? Akawachoma wagonjwa wake sindano za projesteroni. Hedhi ikachelewa, lakini kichwa kikauma siku zilezile. Mwaka 1972 akachapisha matokeo ya estradioli, aina ya estrojeni. Safari hii hedhi ikaja kwa wakati wake, kichwa ndicho kikachelewa siku kadhaa!

Aliowapima walikuwa wachache, na sindano zile hazikuwa tiba, maana maumivu yalikuja baadaye. Ila jibu lilipatikana: tatizo ni estrojeni kushuka baada ya kukaa juu.

Hii si historia ya makumbusho. Vidonge vingi vya majira vina estrojeni. Mwanamke ambaye kipandauso chake hutanguliwa na vimulimuli machoni au ganzi anaongezewa hatari ya kiharusi akivitumia. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unasema asivitumie, na njia zisizo na estrojeni zipo.

Dada, aliyekupa vidonge alikuuliza habari za kichwa chako? Kama hakukuuliza, mwambie mwenyewe. Nawe kaka, mkeo unamuuliza?