Wimbo wa taifa: wazee wa Ituri waliofundishwa upya

Bendera inapopandishwa asubuhi mjini Bunia, dereva wa pikipiki anasimama, mama mwenye karai la ndizi kichwani anasimama, na watoto wa shule wananyamaza kabla ya kuimba. Wimbo ni mmoja kwa wote, Debout Congolais. Lakini wazee wanakumbuka kwamba haukuwa mmoja siku zote.

Ulianza na uhuru, tarehe 30 mwezi wa sita 1960. Maneno yaliandikwa na Joseph Lutumba, na muziki ukatungwa na Mjesuiti Simon-Pierre Boka. Mwaka 1971 Mobutu aliita inchi Zaire, na wimbo ukabadilishwa pia. Ukaja La Zaïroise, kumbe watunzi wake walikuwa wale wale wawili. Mwaka 1997 Laurent-Désiré Kabila alipochukua Kinshasa, jina la Kongo lilirudi, na Debout Congolais ukarudi nalo. Kwa hiyo mzee aliyesoma Djugu wakati wa uhuru alifundishwa wimbo mmoja, akaambiwa auache, akafundishwa mwingine, kisha akarudishiwa ule wa kwanza.

Kuna wimbo mwingine ambao hakuna serikali iliyouamuru. Mwezi wa kwanza 1960, viongozi wa Kongo walikuwa Brussels kujadiliana na Wabelgiji. Joseph Kabasele, yaani Grand Kallé, alikuwa huko na orkestra yake African Jazz. Tarehe ya uhuru ilipopatikana, walipiga Indépendance Cha Cha, na redio ikausambaza Afrika nzima. Ndani yake yanatajwa majina ya vyama na viongozi, Kasavubu na Lumumba, Tshombe na Kalonji. Miezi michache baadaye watu hao waligombana vikali, na damu ikamwagika. Katika wimbo bado wamekaa pamoja.

Mwaka 1994, wakati Zaire ilikuwa inaporomoka, Armand Diangienda alianzisha orkestra ya namna nyingine huko Kinshasa. Ni mjukuu wa Simon Kimbangu, nabii ambaye Wabelgiji walimfunga mwaka 1921 hadi akafia gerezani Elisabethville mwaka 1951. Diangienda alikuwa rubani aliyepoteza kazi. Violini zilikuwa chache kuliko wanafunzi, basi walipeana zamu. Uzi ukikatika, waya wa breki ya baiskeli ulifanya kazi yake. Hiyo ndiyo Orchestre Symphonique Kimbanguiste, ambayo filamu ya mwaka 2010 iliitambulisha duniani. Walianza kwa kupiga muziki wa Wazungu kama Beethoven. Baadaye Diangienda alitunga kazi yake mwenyewe na kuiita Mon identité, maana yake utambulisho wangu.

Nyimbo hizi zote zinatoka mbali na Ituri. Wimbo wa taifa ni wa Kifaransa, Indépendance Cha Cha ni wa Kilingala, na orkestra iko Kinshasa. Kiswahili cha Bunia hakimo. Hata hivyo, tangu vita viliporudi Djugu mwisho wa mwaka 2017, jamaa zilizokimbilia kambi kama Kigonze zimeacha nyumba, mashamba na ng'ombe. Wimbo ni kati ya vitu vichache ambavyo mtu anaweza kukimbia navyo bila kubeba mzigo.

Mtoto aliyezaliwa kambini anakariri Debout Congolais kabla ya kujua Kifaransa. Siku atakapouliza maana yake, atakayemjibu ni babu au bibi, yule aliyeamka, akalala na kuamka tena pamoja na wimbo huo. Naye atakuwa na la kueleza: kwamba jina la inchi lilibadilika, bendera ikabadilika, wimbo ukabadilika, na yeye akabaki Mkongomani.