Pointi Nane kwa Tisa
Mwaka 1901 daktari wa Denmark, Edvard Ehlers, aliandika juu ya mgonjwa mwenye viungo na ngozi vilivyolegea kupita kawaida. Mwaka 1908 Mfaransa Henri-Alexandre Danlos akaandika juu ya mwingine. Lakini kipimo nilichopimwa hapa Kibaha kilipata umbo lake Afrika: mwaka 1973 Peter Beighton na wenzake walichapisha utafiti waliowapima Watswana wa vijijini, Afrika Kusini. Gumba liguse kigasha, kidole cha mwisho, kiwiko na goti vipinde kinyume, viganja viguse sakafu magoti yakiwa yamenyooka. Jumla pointi tisa. Mimi nina nane.

Bega langu huteguka nikishika bomba la daladala. Daktari alipendekeza upasuaji, ila akaniambia tishu za mtu kama mimi zikikazwa huweza kulegea tena.

Nilikwenda Kisarawe kumwambia Bibi. Akaninyooshea mkono, kiwiko kikapinda kama changu.

“Nimelima na huu, mjukuu wangu.”

Bega lake halipandi tena.

Nimeamua kuanza na mazoezi ya misuli, miezi sita. Likizidi kuteguka, nitakubali kisu.